Michopo ya Sikukuu: Mbabula Italala Wapi?



Kila mwaka, wakati wa baridi na vumbi, kalenda yetu inatuletea sikukuu kama vile 1 Mei ya wafanyakazi, 30 Juni ya uhuru tuliopata mwaka wa 1960, na 1 Agosti ya wazazi. Mara nyingine sikukuu inagusana na siku ya posho na siku ya yenga, na mfanyakazi anapata siku tatu mfululizo bila kusikia king'ora cha kazi. Ilikuwa hivyo mwaka wa 2023, wakati 30 Juni iliangukia siku ya tano. Ikawa hivyo tena mwaka wa 2025, wakati iliangukia siku ya kwanza.

Siku hizo, kutoka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, harufu ya michopo inatoka katika kila lupango. Ni jambo zuri. Mtu anayetumika mwaka mzima ana haki ya kukaa na ndugu zake chini ya mwembe, akila nyama ya mbuzi na bukari ya moto. Ukurasa huu hauji kukatisha furaha ya mtu.

Lakini tujiulize. Kazini, hakuna anayeanza kutoboa mwamba kabla ya kapita kuangalia paa la shimo, hewa, na njia ya kutokea. Nyumbani tunawasha moto, tunaleta visu vikali, tunaita watu 30, tunapanga chupa za pombe ukutani, na hakuna anayeuliza nani anaangalia nini. Baba anapanga pesa ya nyama. Mama anapanga unga na vyungu. Vijana wanapanga muziki. Ni nani anayepanga mahali mbabula italala usiku, wageni wakiisha kwenda na baridi ikianza kuingia? Ni kwa sababu ya swali hilo tunaandika mafundisho haya. Tutalifikia, tuanze na asubuhi.

Hesabu ya watu, hesabu ya nyama

Kama una siku tatu za kupumzika, fanya karamu siku ya kwanza ao ya pili, usiifanye siku ya mwisho. Utaona chini sababu gani. Na uanze mchana, si jioni. Wageni waliokula mchana wanaaga wakati bado kuna mwangaza, wanafika kwao bila kuanguka kwenye mtaro, na wewe unabaki na nguvu ya kupanga vitu vyako.

Usiseme tu "watakuja ndugu". Andika majina kwenye karatasi, watoto pia, kisha uongeze watu watano, kwa sababu kwetu shemeji hafiki peke yake. Mbuzi mwenye kilo 25 akiwa hai atakupa karibu kilo 11 ao 12 za nyama pamoja na mifupa. Hiyo inatosha watu 30, kama kuna bukari, sombe na maharage ya kutosha pembeni. Kama pesa ni kidogo, kuku watatu na samaki na mboga nyingi ni afadhali kuliko mbuzi wa deni. Deni la sikukuu linaingia nalo kazini: mtu anayewaza deni haangalii mahali anapoweka mguu.

Sasa kununua. Nunua mnyama aliye hai, anayesimama vizuri na kula majani, ao nyama iliyopita mbele ya munganga wa wanyama na kupigwa muhuri. Mbuzi aliyekufa mwenyewe, hata kama bei yake ni nusu, usimchune na usimle. Anaweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoingia kwa mtu kupitia kidonda kidogo cha mkono wakati wa kuchuna, hata kabla nyama haijafika motoni. Kwa nguruwe, fungua nyama uitazame kabla ya kulipa. Ukiona punje nyeupe kama za mchele ndani yake, ni watoto wa tegu. Iache sokoni. Muuzaji atakuambia ni mafuta tu; lakini wewe umekula nyama ya nguruwe mara nyingi na unajua mafuta yanafanana namna gani.

Nyama mbichi haipendi kungoja. Vidudu vinavyoharibu tumbo vinaongezeka kati ya digri 5 na digri 60, na vikiwa mahali panapovifaa vinaweza kuwa mara mbili kila dakika 20. Piga hesabu mwenyewe: kidudu kimoja, kwa saa 7, kinaweza kupita milioni mbili. Kwa hiyo mbuzi achinjwe siku ileile ya karamu. Kama nyama inapaswa kulala, ilale kwenye frigo. Na umeme ukikatika, jambo ambalo hatuhitaji kumweleza mtu wa hapa, frigo inalinda baridi yake karibu saa 4 kama hakuna anayeifungua. Kila mtoto anayekuja kutafuta maji ya baridi anapunguza saa hizo.

Mama, utusikilize hapa, na baba anayechoma asikie pia. Beseni iliyobeba nyama mbichi isirudi kubeba nyama iliyoiva. Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate nyanya na vitunguu vya kula vibichi, mpaka kioshwe na sabuni. Tumeona karamu ambapo nyama yote iliiva vizuri sana, na bado watu walihara siku tatu, kwa sababu nyanya zilikatwa juu ya ubao wa kuku. Na kuku aive mpaka kwenye mfupa: mchome kisu kwenye paja, maji yatoke meupe, si ya rangi ya damu.

Kuna tena desturi yetu ya kupitisha beseni moja ya kunawa mikono kutoka kwa mgeni mpaka kwa mgeni. Nia ni ya heshima. Lakini mgeni wa 30 ananawa katika uchafu wa wageni 29, kisha anaingiza mkono huo katika bukari. Mkoa wetu unajua kolera, haihitaji kukaribishwa. Mpe kijana mmoja birika na sabuni, amwagie kila mtu maji mikononi, na maji machafu yaangukie katika beseni. Heshima inabaki ileile, na wazee watapenda zaidi.

Pipa, waya na esanse

Weka moto mahali tambarare, mbali na ukuta wa mbao, na kamba ya nguo, na majani makavu. Wakati wa kiangazi nyasi ni kama baruti, na upepo wa mchana unabeba cheche mpaka kwa jirani. Weka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga pembeni kabla ya kuwasha, si kisha. Chora duara chini kwa kijiti, hatua tatu kuzunguka moto, na uwaambie watoto kama hapo ndani hakuna mtoto anayeingia. Watoto wa wafanyakazi wanaelewa jambo la mpaka wa usalama. Mara nyingi wao ndio wanaokaripia wakubwa.

Wengi wetu wanapenda kukata pipa katikati ili kufanya mahali pakubwa pa kuchomea. Tuzungumze juu ya pipa hilo. Limetoka wapi? Kama lilibeba asidi, ao dawa za kuosha mawe ya shaba kiwandani, ao mafuta ya mashine, usilichomee chakula, hata kama umeliosha mara kumi. Tena usilikate na shalimo. Pipa tupu lililobeba esanse ao mafuta ni la hatari kuliko pipa lililojaa, kwa sababu ndani yake kuna mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unangoja cheche moja. Watu wamekufa hivyo, shalimo mkononi, wakitafuta tu mahali pa kuchomea nyama.

Na waya wa kuwekea nyama: waya wa kung'aa uliopakwa zinki, kama ule wa kufunga uzio, si wa jikoni. Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi unaoleta homa, na ndimu na chumvi ya nyama zinaitoa kwenye waya na kuileta kwenye mdomo wako. Nunua waya wa chuma wa kuchomea, ao mwombe fundi akutengenezee kwa vyuma vya kawaida visivyopakwa kitu. Mbao nazo zina habari yake. Mbao zenye rangi, mataruma ya reli, masanduku yaliyobeba baruti, hayo yote si kuni za kupikia. Yana dawa ndani, na masanduku ya baruti hayapaswi hata kutoka kazini.

Makala yanahitaji dakika 20 mpaka 30 ili yawe tayari, yaani mpaka yavae majivu meupe juu. Ni hapo mtu asiye na subira anachukua chupa ya esanse. Usifanye hivyo. Esanse ikimwagwa juu ya makala yaliyo hai, moto haukai chini. Unapanda kwa njia ya esanse yenyewe mpaka kwenye chupa, na chupa iko mkononi mwako, mbele ya tumbo lako. Mafuta ya taa yanaonekana kuwa ya upole, lakini juu ya makala ya moto yanafanya mvuke vilevile. Tumia vijiti vikavu na karatasi na upepeo, na uanze mapema.

Mtu akiungua, mimina maji safi ya baridi ya kawaida juu ya kidonda kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, tazama saa. Ondoa pete na saa ya mkono kabla ya mkono kuvimba. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta, wala majivu, hata kama bibi wa jirani anasisitiza. Mwambie asante, mama, na uendelee na maji. Kisha funika na kitambaa safi na uende hospitali, zaidi sana kama ni uso, mikono, sehemu za siri, ao kama ni mtoto.

Chupa na posti ya asubuhi

Hapa tutafanya hesabu tu, bila kuhubiri. Chupa kubwa ya pombe ya santilita 72, yenye alkoli 5 kwa 100, ina karibu gramu 28 za alkoli. Ini la mtu wa kilo 70 linaondoa gramu 7 ao 8 kwa saa moja. Basi chupa moja ni karibu saa 4 za kazi ya ini. Chupa 4 ni karibu saa 16. Ukianza kunywa wakati jua linazama, kesho yake jua litakuwa limepanda juu sana kabla ini halijamaliza. Wewe unasema "nililala, nimeamka, niko sawa", lakini kwenye posti ya asubuhi ungekuwa unaendesha mashine na pombe katika damu. Kahawa haiharakishi ini. Maji ya baridi kichwani hayaliharakishi. Ni saa tu zinazolisaidia. Sasa umeelewa sababu gani tulisema karamu isiwe siku ya mwisho ya kupumzika.

Lutuku hatuwezi kuifanyia hesabu, kwa sababu nguvu yake haijulikani, kila mpishi na yake. Ile ambayo mtu ameichanganya na alkoli ya kiwanda inaweza kupofusha macho na kuua. Kwa wale wasiokunywa, na kwa watoto, munkoyo iliyopikwa na maji yaliyochemka ni kinywaji cha heshima, na haina deni asubuhi.

Chagueni mtu mmoja, mwanaume ao mwanamke, ambaye siku hiyo hatakunywa. Si adhabu, wageni wamshukuru, na sikukuu nyingine atakuwa mwingine. Yeye ndiye kapita wa karamu. Anaangalia moto, anaangalia watoto, anaangalia nani anataka kupanda pikipiki. Na yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mbabula.

Usiku

Jua limezama. Wageni wengi wamekwisha kuaga. Katika mwezi wa 6 na wa 7, hapa kwetu juu, baridi ya usiku inaweza kushuka chini ya digri 10, na mabati hayaizuii. Bibi mzee aliyekuja kutoka kijijini anatetemeka. Watoto wanakohoa. Na hapo mbele ya mlango kuna mbabula imejaa makala mekundu, mazuri, bila moshi hata kidogo. Makala yana bei siku hizi. Kuyazima ni kama kutupa pesa. Mama anasema: "Baba, tuiingize ndani, watoto wapate joto kidogo." Baba anaibeba, anaiweka katikati ya chumba, anafunga dirisha, na anaziba chini ya mlango na kitambaa kusudi upepo usiingie.

Wote wawili wamefanya hivyo kwa upendo. Asubuhi majirani wanapiga hodi, na hakuna anayejibu.

Nini iliwaua? Makala yanapoungua katika nyumba iliyofungwa, yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Haichomi macho, haikohozi. Moshi una tabia moja nzuri, unakufukuza. Gazi hii haifukuzi mtu. Na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanangoja moshi uishe, kisha wanasema "sasa makala ni safi, tuingize". Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa gazi hiyo kwa wingi, na yanaendelea kuitoa mpaka yafe kabisa.

Damu yako ina kitu chekundu kinachobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kichwani, moyoni, kila mahali. Gazi hii inashika kitu hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikiri vagoneti zinazopaswa kubeba mawe ya shaba, lakini mtu amezijaza udongo usio na faida, na udongo umegandamana, haumwagiki. Treni inatembea, magurudumu yanalia, lakini kiwandani hakifiki kitu. Mtu amelala, anapumua, mapafu yake yanatumika vizuri, na kichwa chake kinakufa kwa kukosa oksijeni.

Wewe unayeshuka chini ya ardhi unaijua gazi hii. Ni moja ya zile zinazobaki nyuma ya baruti ikiisha kulipuka; ni kwa sababu hiyo haturudi mahali pa mlipuko mpaka hewa isafishwe. Huko Uingereza, mtaalamu John Scott Haldane alichunguza namna wachimbaji walivyokufa katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe. Mwaka wa 1896 alionyesha kama wengi wao hawakuuawa na mlipuko wenyewe. Waliuawa na gazi hii. Yeye ndiye aliyeshauri kushuka na ndege mdogo, kanari, kwa sababu ndege anaanguka kabla ya mtu kusikia kitu. Waingereza walimwachisha ndege huyo kazi mwaka wa 1986 tu, wakati mashine za kupima zilichukua nafasi yake. Sasa, katika chumba chako, nani ni kanari? Ni mtoto mchanga, anayepumua haraka kuliko wewe. Na kabla yake, mtoto aliye bado tumboni: mama anaweza kuamka na kichwa kizito tu, na mimba ikawa imeharibika.

Tunajua majibu ambayo watu wanatoa, kwa sababu tumeyasikia kwenye mikutano. Mmoja anasema: "Mimi naacha dirisha wazi kidogo." Usiku wa baridi, dirisha lililo wazi kidogo linafungwa na yule wa kwanza kuamka kwa baridi, na hata likibaki wazi, nafasi hiyo haitoshi kutoa gazi ya mbabula nzima. Mwingine anaweka bakuli la maji karibu na moto. Maji hayanyonyi gazi hii. Mwingine anasema: "Babu zetu walilala na moto ndani." Babu zako walilala katika nyumba ya nyasi, ambayo inapumua kila upande. Wewe uko katika nyumba ya matofali na simenti, na dari, na vioo, na umeziba chini ya mlango. Mwingine tena anasema itakuwa kwa dakika chache tu, mpaka chumba kipate joto. Joto linaleta usingizi. Nani ataamka kuitoa?

Jambo hili si la baridi tu. Tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, tuko katikati ya mvua. Mvua inaanza, nyama haijaiva, na watu wanakimbiza mbabula ndani ya jiko lenye mlango mmoja ao ndani ya garaji. Chini ya paa lisilo na kuta, sawa. Ndani ya kuta nne, hapana.

Basi baridi tuifanyie nini? Panga tangu mchana, kama unavyopanga unga. Blanketi za wageni wanaolala ziwe zimehesabiwa na kuanikwa juani. Watoto walale pamoja. Chemsha maji juu ya yale makala ya mwisho, huko nje, uyatie katika chupa zinazofunga vizuri, uzungushie kitambaa, na uziweke miguuni mwa wazee. Chai ya moto inafanya mengine.

Na pesa ya makala? Hupotezi kitu. Ukiwa bado nje, funika mbabula na karai ya chuma, uzibe pembeni na udongo. Bila hewa makala yanakufa, na kesho utayawasha tena kupika chai. Ao yamwagie maji ukisimama upande upepo unakotoka, kwa sababu mvuke unaunguza, kisha uyaanike juani. Kwa njia zote mbili mbabula inalala nje, mbali na mlango na dirisha, na kapita wa karamu anaigusa kwa mkono kabla ya kwenda kulala. Majivu nayo yasitupwe jalalani usiku huo; yanaweza kuficha moto mpaka kesho yake. Chimba shimo, mwagia maji, koroga, mwagia tena.

Kama ukikuta watu wamelala katika chumba chenye mbabula na hawaamki vizuri, fungua mlango na madirisha yote, shika pumzi, watoe nje mmoja mmoja, kwanza watu, kisha mbabula. Usikae ndani kuwaita majina. Gazi itakuangusha nawe, na wanaokuja nyuma watakuwa na mtu mmoja zaidi wa kubeba. Nje, mlaze kwa ubavu yule anayepumua. Kama hapumui, anza kumpulizia hewa na kubonyeza kifua kama ulivyofundishwa kazini, na mwingine akimbie kutafuta gari. Usimpe maziwa, wala mafuta ya ngazi, wala kitu chochote kinywani. Hayo hayatoi gazi katika damu, na asiyejijua atakabwa nayo. Dawa yake ni oksijeni ya hospitali. Kwa hewa ya kawaida, mwili unahitaji saa 4 ao 5 ili kutoa nusu ya gazi hiyo. Kwa oksijeni safi, saa moja ao moja na nusu. Kwa hiyo hata yule anayeamka, anayesema "niko sawa, niacheni", naye apande gari.

Linabaki jambo la wale ambao mbabula haikuwaua, na wao ni wengi kuliko tunavyofikiri. Asubuhi ya baada ya sikukuu mtu anaamka na kichwa kinachopasuka, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Anasema ni pombe ya jana. Ao anasema ni malaria, anakunywa vidonge, anaenda kwenye posti. Kabla ya kusema hivyo, waulize watoto wako. Mtoto hakunywa pombe. Kama yeye naye analia kichwa, kama mke wako naye anatapika, kama nyumba nzima imeamka mgonjwa saa moja na wote wanapata nafuu wakikaa nje uani, hiyo si pombe na si malaria. Nendeni wote hospitalini. Munganga atakuuliza ulikula nini, ulikunywa nini, homa ilianza lini. Pengine hatakuuliza mlilala namna gani. Usingoje akuulize, mwambie wewe mwenyewe: "Munganga, tulilala na mbabula ndani."